Swali la Kumi na Nne

Mgonjwa haulizwi uji,
ila Neimat Riklon ameulizwa kurasa kumi na moja
katika ukumbi wa kanisa, Springdale, Arkansas,
asubuhi ya Februari, theluji imeziba ngazi,
na Jomi, kijana wa zahanati, anamtafsiria
kwa lugha ya Visiwa vya Marshall iliyokulia hapa hapa,
imechanika kidogo pembeni.

Una gari? Hana.
Una shamba, hisa, nyumba ya kupangisha?
Hana, hana, hana.
Kalamu inateleza.
Swali la kumi na nne: kipato cha mwezi.
"Andika sifuri," anasema Hertina, bintiye,
aliyetoka zamu ya usiku kiwandani,
vidole vimevimba kwa kukata mabawa ya kuku,
mabawa elfu ngapi hajui,
mkanda haumsubiri mtu ahesabu.
"Si sifuri," anasema mama.
"Niliuza mikeka miwili. Dola arobaini.
Na kofia moja, lakini ile bado sijalipwa."
"Mama, tafadhali."
"Serikali inauliza. Niidanganye?"

Jomi anaandika arobaini.
Kofia anaiacha.

Miaka ishirini na minne sheria iliwaruka,
mstari mmoja tu, kama mshono uliokosa uzi:
wafanye kazi, walipe kodi, waende jeshini wakitaka;
wakiugua, shauri yao.
Ndiyo miaka Neimat aliyojifunza hesabu ya chupa:
insulini ya wiki moja igawe mara mbili,
ya wiki mbili igawe na jirani,
mzee Labwij wa nyumba ya pili,
ambaye Jumanne moja hakuja kuchukua nusu yake.
Chupa ikakaa kwenye friji, kando ya samaki,
siku tisa,
hadi Hertina alipothubutu kuisogeza.

Jomi akauliza, nje ya fomu sasa, kwa upole:
"Bibi, umewahi kuonana na daktari wa Kimarekani?"
Akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
Alikuwa na miaka mitano
jua lilipochomoza magharibi,
na unga mweupe ukaanguka juu ya paa, juu ya maji ya kunywa,
wakauchezea, watoto, wakapakana usoni.
Kisha madaktari walikuja kwa meli,
na mizani, na sindano, na kamera,
wakampima shingo, damu, mkojo, mwaka hadi mwaka.
"Hao hawakuniuliza kipato," akasema.
"Hao hawakuniuliza kitu."

Jomi alitafuta kisanduku cha kuandikia hayo.
Akageuza ukurasa.

Kadi ilifika Aprili, jina limekosewa: Niemat.
Hertina alishika simu awapigie.
"Mwache," mama akasema. "Huyo Niemat naye augue kidogo,
mimi nimechoka."
Akaitia kwenye Biblia, akaitoa,
akaitia kwenye soksi, akaitoa,
akauliza kama ina mwisho.
Mwaka mmoja, akaambiwa. Halafu fomu tena.
"Basi mwakani nitawaambia kuhusu kofia."

Zahanati ina viti vya bluu na kalenda ya benki.
Muuguzi, mwanamke mnene aliyekata nywele fupi,
akapitisha kadi kwenye mashine.
Mashine ikafikiri.
Hertina akashika pumzi kama mtu anayevuka barabara.
Ikalia mara moja.

Muuguzi hakutaka risiti,
hakutaka barua ya mwajiri wala ya mwenye nyumba.
Alivuta kiti, magoti yao yakakaribiana,
akauliza: "Unaumwa wapi, mama?"
Jomi akatafsiri.
Neimat akamtazama binti yake,
akatazama dari,
akaomba swali lirudiwe.

Kisha akainama, polepole, mkono kwenye meza,
akaanza kufungua kamba za kiatu.